Benchi Jipya la Tolliver

Jumanne, tarehe 10 Januari 2023. Asubuhi hiyo ilikuwa ya baridi kavu. Umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi za uwanja wa chuo cha Tolliver, zikawa nyeupe kana kwamba zimenyunyiziwa unga, na jua lilichomoza juu ya mji wa Pickard likiwa na mwanga mwingi na joto kidogo sana. Lemuel Haskins aliegesha gari mahali pale pale alipozoea kwa karibu miaka ishirini, akazima injini, akafumba macho na kusali. Hakuomba kazi. Aliomba apewe moyo mtulivu na masikio yanayosikia. Kisha akavaa kofia yake ya sufu, akaingia kwenye jengo la timu kwa mwendo wa mtu anayeingia nyumbani kwake.

Benchi zima la ufundi la zamani lilikuwa limeshafungasha virago. Kocha mkuu, Clifton Breck, alichukuliwa na chuo kikubwa cha Ohio wiki moja kabla ya Krismasi. Wasaidizi wake waliondoka mmoja mmoja, wengine wakimfuata, wengine wakishukuriwa na kocha mpya na kuonyeshwa mlango kwa upole. Ofisi zilikuwa wazi, kuta zimebaki na misumari mitupu palipokuwa na picha. Ofisi moja tu ilikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa Haskins, kocha wa safu ya mbele ya ulinzi katika mpira wa Kimarekani. Vijana wake ni wale wanene wanaoinama mstarini wakiwa na kofia ngumu kichwani, wakagongana vifua na wapinzani kila mpira unapoanza.

"Bado upo tu?" aliuliza Bi Earline, katibu wa ofisi, bila kuinua macho kwenye kompyuta.

"Nipo. Na wewe?"

"Mimi ni kama bomba la maji la jengo hili. Kila kocha anayekuja anabadilisha rangi ya kuta, bomba analiacha."

"Na mimi je?"

"Wewe ni rangi, Lem. Sijui kama huyu ataipenda au ataipakia nyingine juu."

Haskins alicheka mpaka akashika meza. Kocha mkuu mpya alikuwa wa tano ambaye Haskins alimwona akiingia jengo hili. Wa kwanza alikuwa na filimbi ya fedha, wa pili aliamsha watu alfajiri, wa tatu hakupenda kofia ndani ya nyumba, na Breck alipenda kuzungumza. Kila mmoja alikuja na maneno yake mapya ya kuita mchezo ule ule. Haskins aliyajifunza yote, akawafundisha vijana, kwa sababu alijua kwamba mwisho wa maneno yote kuna mtu mzito amesimama mbele yako anayetaka kukurudisha nyuma, na huyo habadiliki.

Kilichomsumbua safari hii kilikuwa kimoja, nacho ni Zebulon Gaines. Zeb alikuwa nguzo ya safu yake, kijana wa miaka ishirini na moja, mabega kama mlango. Jana yake aliingiza jina lake kwenye dirisha la uhamisho, maana yake chuo chochote kingeweza kumchukua mpaka dirisha lifungwe wiki ijayo. Sababu ilijulikana na kila mtu. Siku yake ya kwanza kazini, kocha mkuu mpya, Desmond Ratliff, aliagiza majina yote yabanduliwe kwenye makabati ya wachezaji. Wote waanze upya, alisema, na kila mmoja atarudishiwa jina lake akilistahili. Makocha wapya wengi hufanya hivyo na vijana hunung'unika siku mbili wakasahau. Lakini Zeb alikuja Tolliver bila ufadhili. Alijilipia mwenyewe kwa kufanya kazi kiwanda cha kuku, akakaa msimu mzima na kabati lisilo na jina. Siku jina lilipobandikwa, alilipiga picha akamtumia bibi yake. Sasa lilikuwa limebanduliwa na mtu aliyefika juzi.

Haskins hajakaa vizuri, simu ikalia. Ilikuwa ni Breck, kutoka Ohio.

"Lem! Umekaa?"

"Nimekaa."

"Basi simama. Nimekupatia cheo. Mkuu wa ulinzi. Ulinzi wote, si safu ya mbele peke yake. Wewe ndiye utakayeita kila mchezo, mbinu gani ichezwe na lini."

Haskins alisimama kweli. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Alikuwa amefundisha mpira tangu ana nywele nyingi kichwani, na hakuna aliyewahi kumpa ulinzi wote. Mara mbili alikaribia, mara mbili akapewa mtu mwingine mwenye umri mdogo na maneno mengi.

"Clifton, unasema kweli?"

"Kweli tupu. Ila kuna kitu kimoja. Uje na Zeb."

"Zeb si mkoba wangu nimbebe."

"Jina lake lipo dirishani, mzee. Atakwenda mahali. Kwa nini asije kwetu? Mimi nikimpigia anajibu ndiyo, hapana, ndiyo. Wewe anakusikiliza kama mchungaji. Niambie leo."

"Nitakujibu leo usiku," alisema Haskins, akakata simu.

Alimpigia mkewe. Verdell alikuwa kazini, kwenye maktaba ya watoto, kwa hiyo aliongea kwa kunong'ona.

"Unakitaka hicho cheo?"

"Nakitaka, Verdell. Sikufichi."

"Basi omba. Na ukishaomba, usije kuniambia mimi nilisema nini, niambie Mungu amesema nini. Mimi nitakufuata popote. Lakini Ohio kuna theluji, Lem, na nikiganda miguu utanisikia."

Bi Earline akapiga mlango. "Fundi rangi anakuita chumba cha video."

Desmond Ratliff alikuwa na miaka thelathini na sita, mwembamba, kichwa kimenyolewa, na alikunywa maji ya moto yenye limau badala ya kahawa. Kwa umri angeweza kuwa mtoto wa Haskins. Alinyanyuka, akampa mkono, akamvutia kiti.

"Mzee Haskins, nataka unifundishe kitu," alisema, akabonyeza kidude cha mkononi. Kwenye skrini safu ya mbele ya Tolliver iliinama. Mpira ukaanza, Zeb akagongana na watu wawili, akawazuia wote wawili, na kijana mwingine aliyekuwa nyuma yake akapita na kumwangusha mwenye mpira. "Umeona nini?"

"Nimeona kazi nzuri. Mtu mmoja amekula watu wawili."

"Na makofi kapigiwa nani?"

"Wa nyuma yake. Ndivyo mfumo wa Breck ulivyo. Wa mbele anangoja, anausoma mchezo, anashika. Wa nyuma anaua."

"Nimetazama mechi zote za msimu," alisema Ratliff. "Zeb anangoja, anashika, anaamka na matope. Sasa tazama hii moja."

Haskins aliitambua kabla haijaanza. Ilikuwa mechi ya Oktoba, mvua inanyesha. Mpira ulipoanza, Zeb hakungoja. Alichomoka kama aliyeitwa jina, akapita katikati ya wawili kabla hawajanyanyua mikono, akamfikia mrushaji wa wapinzani akiwa bado ameshika mpira kwa mikono miwili, akamlaza chali.

"Hapo alikosea," alisema Haskins. "Sikumwambia apenye."

"Najua. Kwenye picha unaonekana pembeni unamfokea." Ratliff alirudisha picha nyuma. "Mimi kwangu huko ndiko kucheza. Kila mtu wa mbele ana mlango wake mmoja, upenyo kati ya wapinzani wawili, anaupenya, basi. Sitaki mtu wa kushika wawili ili mwingine apigiwe makofi. Nataka huyu kijana awe anaingia namna hii kila mara. Sasa nibishie."

Haskins hakubisha mara moja. Aliomba kidude, akairudisha ile picha mwenyewe, mara kadhaa, akitazama miguu tu. Miaka mitatu alimfundisha Zeb kungoja, na Zeb alijifunza vizuri kuliko wote. Lakini mwili ule haukuumbwa kungoja. Haskins aliliona hilo sasa kama mpishi aliyeonja mchuzi wa jirani akatambua kimya kimya kwamba umeuzidi wake. Haikumtia aibu. Ilimfanya atake kujua umepikwaje.

"Hatua yake ya kwanza ni fupi," alisema mwishowe. "Unaona? Mguu wa kulia unachelewa kwa sababu uzito umekaa kisiginoni. Mimi ndiye niliyeuweka pale, kwa ajili ya kungoja. Ukimwachia apenye hivi hivi, atapita mara moja, mbili. Wakishamjua watamzika."

Ratliff aliweka kikombe chini. "Na inarekebishwa?"

"Kila kitu cha mguuni kinarekebishwa. Ni asubuhi nyingi tu."

Haskins hakupenda maneno ya kuzunguka. "Kocha, unanibakiza au nikatafute maboksi?"

"Sitakudanganya. Nina rafiki huko Georgia anasubiri simu yangu kwa ajili ya kiti chako. Tumefanya kazi pamoja, anajua mfumo wangu wote. Lakini bado sijampigia. Jioni twende kwa bibi yake Zeb kwanza. Kesho tutazungumza."

"Kwa hiyo anayeniajiri ni Bibi Odessa."

"Sisi sote wawili, nadhani," alisema Ratliff, na kwa mara ya kwanza alitabasamu.

Haskins naye alikuwa na neno la kumwambia, habari ya Ohio. Lilifika mpaka kooni. Akaona bado hajui atachagua nini, akalirudisha.

Jioni waliondoka na gari la Haskins. Njiani Haskins alimsimulia habari za Zeb na kiwanda cha kuku; walipovuka daraja akauliza, "Umekula?"

"Kidogo. Nimekula saladi."

"Umefanya kosa. Kwa Bibi Odessa mtu anaingia na njaa. Alipika shule ya msingi miaka mingi sana, akikuona unachezea chakula anakuweka kwenye kundi la watoto wenye matatizo."

"Na wakati wa kuzungumza?"

"Huwezi kumzunguka. Sema unachokiamini, kisha uombewe."

Nyumba ya Odessa Gaines ilikuwa ndogo, ya mbao, ukumbi wake umejaa viatu vya Zeb vilivyokuwa vikubwa kama mitumbwi. Bibi mwenyewe aliwapokea kwa kuwatazama juu mpaka chini. Ndani walikuwamo Zeb, dada yake Keziah aliyekuwa akisomea uuguzi, na jirani yao Shemasi Purnell, ambaye alikuwa amepita tu kwa bahati, kama anavyopita kwa bahati kila kuku akikaangwa.

"Huyu ndiye mkuu?" Bibi Odessa alimuuliza Haskins huku akimwonyesha Ratliff kwa kijiko. "Mbona mwembamba hivi? Ohio wamechukua kocha na nyama zake zote?"

"Ndiye, Bibi."

"Haya. Shikaneni mikono."

Walishikana mikono kuizunguka meza. Mkono wa Zeb ulimeza mkono wa Haskins kama siku zote, lakini haukukaza. Bibi Odessa aliomba bila haraka. Alishukuru kwa kuku, kwa mboga, kwa mkate wa mahindi. Alimwombea Keziah mitihani yake, alimwombea Purnell mgongo wake, akamwombea "na Clifton Breck, Bwana, popote alipo leo na masanduku yake." Purnell akasema amina kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Sahani ya Ratliff ilikuwa bado tupu Bibi Odessa alipoanza.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyebandua jina la mjukuu wangu?"

"Nilibandua ya wote, Bibi."

"Sikuuliza ya wote."

"Ndiyo. Ni mimi." Ratliff alikaa wima. "Sikujua habari za Zeb, za kiwanda wala za ule msimu wa kwanza. Nimezijua leo kwa Kocha Haskins. Ningezijua mapema ningemwita kwanza, nimweleze uso kwa uso. Hilo nilikosea, na ninamwomba radhi hapa mbele yako. Lakini jina ningelibandua. Siwezi kuwaambia wengine waanze upya halafu nikamwacha mmoja."

Keziah aliacha kutafuna. Purnell alimwegemea Haskins, akanong'ona kwa sauti iliyosikika na wote, "Kijana huyu hajui kwamba bado hajapakuliwa."

Bibi Odessa alisogeza sahani ya Ratliff karibu na kuku. "Angalau si mwongo," alisema. "Keziah, mpe paja. Mpe na lile kubwa."

"Kocha," alisema Zeb, na sauti yake nzito ilitetemesha glasi, "mimi kuanza upya sina shida nako. Nimeanza upya maisha yangu yote. Ninachokikataa ni kuanzishwa upya na mtu asiyejua nilianzia wapi."

"Hiyo ni haki yako," alisema Ratliff. "Sasa ninajua. Na nimekuja kukuambia ninataka ucheze vipi, ili ukiondoka uondoke ukijua ulichokiacha."

Hakufika mbali. Simu ya Zeb ilianza kulia juu ya kabati la vyombo. Keziah aliichungulia. "Ni Kocha Breck tena. Mara ya tatu leo."

"Ilete hapa," alisema Bibi Odessa. "Weka sauti tusikie sote. Mambo ya mjukuu wangu hayasemwi pembeni katika nyumba hii."

Haskins alijua kinachokuja, na hapakuwa na njia ya kukizuia isipokuwa kumpokonya mwanamke mzee simu mezani kwake.

"Zeb, kijana wangu!" Sauti ya Breck ilijaza chumba, ya uchangamfu kama zamani. "Sikiliza, nina habari nzuri. Kocha Lem anakuja kwetu. Nimempa ulinzi wote. Mwalimu wako yule yule, mafunzo yale yale, hubadilishi hata hatua. Wewe niambie ndiyo tu, yaliyobaki niachie mimi."

Zeb alikuwa akimtazama Haskins. Keziah alikuwa akimtazama Haskins. Ratliff, akiwa ameshika uma, alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyegundua kwamba gari alilopanda lina abiria mwingine.

"Clifton," alisema Bibi Odessa, "hapa ni Odessa."

"Bibi Odessa! Hujambo, mama? Sikujua..."

"Sijambo. Mwaka juzi ulikaa mezani kwangu, ukala mkate wangu vipande vinne, ukasema utakuwepo Zeb akivaa joho la mahafali. Halafu habari za kuondoka kwako tukazisoma kwenye simu, kama watu baki. Mkate ule ulikuwa na kasoro gani?"

"Haukuwa na kasoro, mama. Mambo ya kazi, unajua..."

"Najua. Usiku mwema, Clifton. Tumeshakuombea." Akakata simu, akaifuta kwa aproni, akamrudishia Keziah. Kisha akageuka. "Lem."

"Bibi."

"Ni kweli?"

"Kwamba nimepewa cheo, ni kweli. Amenipa leo asubuhi. Kwamba nimekubali, si kweli. Nilisema nitamjibu usiku huu." Haskins alimgeukia Ratliff. "Ilinipasa nikuambie garini. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa bado naitaka ile kazi, na hata sasa naitaka. Nimeitaka tangu wewe unajifunza kusoma."

Ratliff alitikisa kichwa polepole. "Na sharti lake ni Zeb."

"Sharti lake ni Zeb."

Zeb alisukuma sahani. "Kwa hiyo na wewe umekuja kuninunua, mzee? Mmoja ananinunua Ohio, mwingine Tolliver, na mimi nakula mbele yenu?"

Maneno hayo yalimwingia Haskins vizuri, akayaacha yakae. Kisha akahamisha kiti chake, akakaa goti kwa goti na Zeb kama wanavyokaa pembeni mwa uwanja.

"Unaikumbuka mechi ya Oktoba, ile ya mvua? Ulipopenya peke yako ukamlaza yule mrushaji?"

"Naikumbuka. Ulinifokea mbele ya watu wote. Kesho yake ukanikimbiza mpaka nikatapika kifungua kinywa."

"Leo nimeitazama tena, na huyu kocha ndiye aliyenionyesha. Zeb, siku ile ulicheza mpira ulioumbiwa, na mimi nikakuadhibu. Nilikuwa naufundisha mfumo wa Clifton, na kwa mfumo wa Clifton nilikuwa sahihi. Lakini mfumo ule unakutaka uwe ukuta. Huyu anakutaka uingie mlangoni. Ukienda Ohio utashika watu wawili mpaka magoti yaishe, na mimi nitakuwa nimesimama pembeni na cheo changu kikubwa, nikiita michezo ya Clifton kwa sauti yangu."

Alipokwisha kusema hivyo, alishangaa kusikia jambo ambalo hakuwa amejiambia. Ulinzi wote wa Ohio, ule aliouota, haungekuwa wake hata siku moja.

"Kwa hiyo mzee unasema wa kwake ni bora kuliko wako?" aliuliza Zeb kwa sauti ya chini.

"Kwako wewe, ndiyo. Ingekuwa ni Dupree, yule mwenzako mwenye tumbo, ningesema ashike wawili mpaka Yesu arudi."

Keziah alipasuka kicheko, na Zeb, bila kutaka, naye akacheka.

Bibi Odessa hakucheka. "Umesema ya mtoto," alisema. "Sema na yako. Wewe utakuwa wapi?"

"Yangu hayako mkononi mwangu peke yangu, Bibi. Kocha ana rafiki Georgia anasubiri simu."

Macho yote yakahamia kwa Ratliff. Aliweka uma, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Mpaka asubuhi nilikuwa nimeshaamua karibu kabisa," alisema. "Huyo rafiki yangu angeanza kazi bila kuuliza swali. Halafu mzee huyu akatazama picha moja, akaniambia uzito umekaa kisiginoni. Mimi nimeitazama picha hiyo wiki nzima, sikukiona kisigino." Alimgeukia Haskins. "Yule wa Georgia nitampigia leo, nimwambie atafute kwingine. Usidhani ninakuhurumia. Mfumo ni wangu, na sitaupunguza. Miguu yao ni yako. Na tukigombana, tugombane ofisini mlango umefungwa."

"Tutagombana sana," alisema Haskins.

"Ninategemea hivyo."

"Bi Earline atasikia hata mlango ukifungwa," alisema Zeb. Alikuwa amerudisha sahani yake mbele. Alichukua kipande cha mkate, akakitazama, akakirudisha. "Mimi naweza kutoa jina langu dirishani kesho. Kweli naweza. Lakini mwakani je? Chuo kingine kikimpigia Kocha Lem simu, kikimpa ulinzi wote bila sharti? Nitabaki hapa nikijifunza miguu mipya na mtu wa Georgia?"

"Umeuliza vizuri," alisema Bibi Odessa. "Simama, Lem. Katika nyumba hii jambo la namna hiyo halisemwi mtu akiwa amekaa."

Shemasi Purnell alipangusa midomo, akanyoosha mgongo wake mbovu. Keziah alizima jiko ili lisitoe sauti. Haskins alisimama, akavua kofia yake ya sufu ambayo hata hakukumbuka kwamba bado alikuwa ameivaa. Alikiwaza kile cheo kwa mara ya mwisho, sauti yake ikisikika uwanja mzima, ulinzi wote ukimtazama yeye. Kilimuuma kama jino linalong'olewa, mara moja, kwa ukali. Halafu akahisi miguu yake imekanyaga chini sawasawa, na sauti ikatoka bila kutetemeka.

"Mimi Lemuel Haskins nasema mbele yako Bibi Odessa, mbele ya Keziah na Shemasi Purnell, mbele ya kocha wangu mkuu, na mbele za Mungu: nikitoka hapa nitampigia Clifton, nimwambie mimi mwenyewe kwamba siji. Zeb, ukibaki Tolliver, nabaki. Nikiitwa mwakani sitakwenda, nikipewa ulinzi wa nchi nzima sitakwenda, mpaka siku utakapovaa joho na jina lako kusomwa mbele ya bibi yako. Na kila asubuhi mpaka siku hiyo nitakufundisha kupenya, kwa mfumo wa kocha huyu, kwa moyo wangu wote, kana kwamba niliubuni mimi."